Duka la dobi linalouzwa likiwa linatembea: linafaa kununuliwa?

Matangazo yake yanafanana: duka la dobi linauzwa, mashine nane, wateja wapo, mwenyewe anahama. Hapa tumelipima duka la namna hiyo kama inavyopimwa bidhaa yoyote: linafanya kazi gani, linakula nini, linaharibika wapi, na bei yake inatokana na nini. Hukumu yetu tuiweke mbele. Katika biashara ndogo za huduma, hii ni mojawapo ya zile zinazofaa kununuliwa zikiwa tayari zinatembea kuliko kuanzishwa upya, na sababu ni kwamba haina mahali pa kufichia ukweli. Daftari la mauzo linaweza kuandikwa upya usiku mmoja. Mita ya maji haiandikwi upya.

Maduka haya yako ya aina tatu. Lipo la kujihudumia, mteja anakuja na nguo zake, analipia mashine na kusubiri. Lipo la kupokea nguo: zinapimwa kwa kilo, zinafuliwa, zinakaushwa, zinapigwa pasi na kukunjwa. Na ipo drai klina, ya suti na magauni, inayosafisha kwa dawa badala ya maji. La kwanza halihitaji mikono mingi lakini fedha zake zote zimelala kwenye mashine. La pili ndilo linalouzwa mara nyingi, na ndilo tutakalolizungumzia zaidi. Drai klina tunaitengea tahadhari yake huko chini, na ni tahadhari nzito.

Anza na maji, kabla hata ya kukubali kuonyeshwa daftari. Omba bili za miezi 12 mfululizo, si mitatu, kwa kuwa msimu wa mvua hujaza duka ambalo kiangazi hukaa nusu tupu, na muuzaji mjanja huuza baada ya msimu mzuri. Kisha tafuta kwenye kitabu cha mashine kiasi cha maji inachotumia kwa mfuo mmoja, yaani mzunguko mmoja wa kufua. Tuseme ni mashine nane za kilo 10, kila moja inakunywa lita 90 kwa mfuo, na bili ya mwezi inaonyesha yuniti 138, yaani lita 138,000. Toa lita 8,400 za choo, deki na kusugulia madoa kwa mkono. Zinabaki 129,600. Gawa kwa 90 upate mifuo 1,440 kwa mwezi, sawa na mifuo sita kwa kila mashine kwa siku. Kama daftari linasema mifuo 2,000, zingehitajika lita 180,000 za kufulia peke yake. Mifuo 560 imefuliwa kwa maji gani? Huenda kuna kisima au maji ya gari, na hapo muuzaji aonyeshe tangi na risiti. Asipokuwa navyo, mifuo hiyo ilifanyika kwenye karatasi tu.

Hesabu hii ina mtego mmoja ambao hata wahasibu huukanyaga. Bili kubwa si lazima iwe ushahidi wa kazi nyingi. Valvu ya kutolea maji ikiwa imechakaa au imeshikwa na kifungo cha shati, maji hupita chini kimyakimya wakati mashine inajaza. Choo au bomba nalo hudanganya vilevile: mvujo wa lita moja kwa dakika, ukiachwa mchana na usiku, ni lita 43,200 kwa mwezi, sawa na mifuo 480 ambayo haipo. Ndiyo maana tunashauri usome mita mara mbili: duka likifungwa, na likifunguliwa asubuhi kabla ya mtu kugusa koki. Namba zikitofautiana, bomba, choo au valvu ya kuingizia inavuja. Mvujo wa valvu ya kutolea hauonekani usiku, kwa hiyo jaza mashine maji, isimamishe, weka alama ya kina kwenye kioo cha mlango na urudi baada ya dakika 10.

Maji yasiwe shahidi wa peke yake. Sabuni ya unga kwa nguo zenye uchafu wa kawaida ni kama gramu 15 kwa kila kilo ya nguo kavu, kwa hiyo mashine ya kilo 10 inataka gramu 150, na mifuo 1,440 inataka kilo 216 kwa mwezi. Uliza stakabadhi za sabuni. Zikionyesha kilo 90, ama mifuo ni michache, ama nguo zinafuliwa kwa sabuni pungufu, na kwa vyovyote vile umejua jambo. Shahidi wa tatu yumo ndani ya mashine yenyewe: nyingi za kibiashara huhesabu mifuo, na fundi anayezijua anaweza kuifungua hesabu hiyo kwenye kibodi yake. Mashahidi watatu wakikubaliana, jadili bei kwa amani. Muuzaji akikataa kutoa bili hata moja kwa kisingizio cha siri ya biashara, ondoka. Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia.

Sasa mashine. Usizipime kwa macho, kwani rangi hupakwa. Fungua mlango, shika ukingo wa juu wa ngoma kwa vidole na uinyanyue. Isicheze hata kidogo. Ikigonga juu na chini, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono taratibu ukiweka sikio karibu: mkwaruzo kama wa kokoto ndani ya bati ni dalili ileile. Kisha zunguka nyuma kwa tochi, utazame chini ya shimo la ekseli. Mchirizi wa kahawia wenye kutu unaeleza kilichotokea: sili, ile raba inayozuia maji, ilichoka kwanza, maji yakaingia, yakaosha grisi, na golori zikaanza kutu. Beringi zenyewe si ghali sana. Ghali ni kuitoa ngoma, kazi ya mafundi wawili kwa siku nzima, na mara nyingi ngoma ikishatoka ndipo inaonekana kwamba mikono mitatu ya chuma inayoishikilia kwa nyuma nayo imeliwa na dawa ya kung'arishia nguo. Mashine moja yenye ugonjwa huu ni jambo la kupunguziana bei. Zikiwa tatu kati ya nane, utakuwa umenunua gereji.

Halafu pima ukamuaji. Hapa ndipo tofauti kati ya duka zuri na duka linalomaliza faida kwenye gesi na umeme inapojificha, na wauzaji wenyewe wengi hawaijui. Nguvu ya kukamua hupimwa kwa G, yaani ni mara ngapi ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 65 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hutoa G 363. Ikizunguka mara 500 hutoa G 91 tu, kwa sababu nguvu hupanda kwa mraba wa mwendo. Chukua mizani, pima kilo 10 za taulo au mashuka ya pamba yakiwa makavu, fua, kisha pima tena yakitoka. Mashine yenye ukamuaji mkali itakupa kama kilo 15 na nusu. Iliyo dhaifu itakupa kilo 18 au zaidi. Tofauti ya kilo mbili na nusu za maji inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa mifuo 1,440: ni kilo 3,600 za maji kila mwezi ambayo mashine ya kukaushia italazimika kuyageuza mvuke, na kwenye mashine za kawaida kila kilo hula takriban yuniti moja ya umeme au gesi ya kiasi hicho. Pia foleni ya kukausha inarefuka, na ndiyo inayomfanya mteja aambiwe arudi kesho.

Mashine zenye kukamua sana za aina inayofungwa moja kwa moja sakafuni zinataka msingi wa zege. Angalia bolti zake. Zikiwa zimelegea au zege limepasuka pembeni, mashine imekuwa ikicheza, na mtikisiko huo ndio unaoua beringi na kukata mabomba. Kwenye ghorofa usikubali mashine ya aina hiyo hata kwa bei ya bure. Huko zinafaa zenye springi zake ndani. Jina la mashine nalo si pambo. Speed Queen, Electrolux, Girbau, Primus, zote zimetengenezwa kwa kazi ya biashara, lakini swali la mnunuzi ni nani anauza valvu na sili zake karibu na duka, na anazo leo. Mashine za nyumbani zilizowekwa dukani tunazipa alama ya chini kabisa: hazikukusudiwa kufua mara sita kwa siku. Mashine ya kibiashara inayotunzwa huishi miaka 10 hadi 15. Soma bamba la nyuma uone mwaka wa kutengenezwa, usisikilize mwaka wa kununuliwa.

Kwenye mashine za kukaushia tazama manyoya ya nguo. Toa chujio, kisha endelea mpaka ndani ya bomba la kutolea hewa, hadi nje ya ukuta. Bomba lenye utando wa manyoya hurefusha ukaushaji na ndilo chanzo cha moto. Weka kiganja kwenye tundu la nje mashine ikiwa inafanya kazi. Pumzi iwe ya nguvu. Na uliza taulo za aina gani hufuliwa hapo. Taulo za masaji na vitambaa vya jikoni hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa, na vikirundikwa vikiwa vya moto huweza kujiwasha vyenyewe saa kadhaa baadaye, duka likiwa limefungwa. Duka linalopokea kazi hiyo lazima lifue kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, limalizie ukaushaji kwa dakika 10 za hewa baridi, na lisiache rundo usiku. Ukikuta wafanyakazi hawajui sababu ya dakika hizo 10, ni kazi yako ya siku ya kwanza.

Maji magumu, yenye chokaa nyingi, tusiyapite. Ukoko mweupe kwenye hita na kwenye pasi za mvuke maana yake umeme mwingi, sabuni nyingi na mashati meupe yanayogeuka kijivu. Boila la pasi litolewe maji machafu kila siku, na valvu yake ya usalama ijaribiwe mbele yako.

Tuje kwenye bei. Bei ya haki ni thamani ya vyuma vilivyotumika pamoja na kilemba, yaani malipo ya ziada kwa ajili ya jina na wateja, na kilemba hicho kinapaswa kusimama juu ya kipato halisi. Chukua faida ya mwaka. Rudishia mshahara wa mwenyewe, riba ya mikopo yake, uchakavu na gharama zilizotokea mara moja tu. Hicho ndicho kipato cha mwenye duka, na biashara ndogo za huduma mara nyingi huuzwa kwa mara mbili hadi tatu ya kipato hicho cha mwaka. Hapo sasa tazama ni nani anakaa kaunta. Kwa mfano wa hesabu tu: kwenye kila 100 inayoingia, mishahara inachukua 30, pango 15, maji, umeme na gesi 22, sabuni na mifuko 8, matengenezo 5, mengineyo 4. Inabaki 16. Muuzaji anataka mara tatu, yaani 48. Lakini mkewe anakaa kaunta siku sita bila mshahara, na akiondoka naye, mtu wa kumrithi atachukua 7. Kilichobaki ni 9, na 48 kwa 9 ni zaidi ya mara tano. Duka ni lilelile, mashine zilezile, ila muda wa kurudisha fedha yako umekaribia kuongezeka maradufu. Ndugu wanaofanya kazi bure ndio gharama inayosahaulika kuliko zote, na mara nyingi muuzaji mwenyewe haoni kwamba anadanganya.

Punguza pia kile ambacho mashine zimebakiza. Seti yenye miaka 11 kati ya 15 inadai fedha ya kuibadilisha ndani ya miaka minne, na fedha hiyo itatoka kwako.

Wateja nao wapimwe. Duka lenye hoteli moja inayoleta theluthi ya mapato linapendeza kwenye karatasi, lakini hoteli hulipa baada ya siku 30 au 60, na mkataba wake mara nyingi ni wa neno la mdomo kati ya meneja wake na mwenye duka anayeondoka. Tunapendelea duka lenye wateja wadogo 300 kuliko lenye wakubwa wawili. Kama mkubwa yupo, nenda ukamwone kabla ya kulipa, muuzaji akiwepo, na utenge mtaji wa miezi miwili ya sabuni, umeme na mishahara.

Kuna deni moja lisiloandikwa kwenye hesabu yoyote: vifurushi vilivyolipiwa kabla. Mteja amelipia mifuo 20, ametumia minne, fedha ya 16 imeshaliwa. Wewe ndiwe utakayezifua, na huwezi kumkatalia bila kulivunja jina ulilolilipia kilemba. Dai orodha ya vifurushi vyote na salio la kila mteja, na ukate thamani yake kwenye bei. Fanya hivyohivyo kwa nguo zilizopotea ambazo wateja bado wanazidai, na kwa mishahara ambayo haijalipwa.

Jinsi ya kununua: nunua mali na jina, si kampuni, isipokuwa mwanasheria wako ameona sababu ya wazi. Ukinunua kampuni unarithi kodi yake ya zamani na kesi zake. Mkataba utaje kila mashine kwa namba yake ya bamba, jina la duka, kurasa zake za mtandaoni na, jambo ambalo husahaulika, namba ya simu iliyopakwa ukutani na kuchapwa kwenye kila mfuko. Muuzaji akiondoka na laini ile, ameondoka na nusu ya wateja. Asifungue duka la aina hiyo jirani kwa miaka miwili au mitatu. Akae nawe wiki mbili hadi nne. Na ubakize asilimia 10 hadi 20 ya bei kwa miezi mitatu hadi sita, ishikwe na mwanasheria, hadi ijulikane kama mashine na wateja ni kama ulivyoambiwa. Muuzaji anayejua duka lake ni zima hukubali sharti hili bila kelele. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kweli duka linalosukumwa ulipie wiki hiihii taslimu lote lina jambo.

Pango lisainiwe kabla ya fedha kutoka. Mkataba wa pango uliobaki uwe mrefu kuliko muda unaohitaji kurudisha mtaji, na mwenye jengo akubali kwa maandishi kwamba wewe ndiye mpangaji. Mashine zilizofungwa kwenye zege hazihami kirahisi, na yeye analijua hilo. Hakikisha pia umeme unaoingia unatosha mashine zote zikiwashwa pamoja, na bomba la maji machafu linapokea mashine nne zikimwaga kwa wakati mmoja. Jaribu hivyo hasa: mimina nne pamoja utazame kama maji yanarudi sakafuni.

Drai klina, kama tulivyoahidi. Dawa yake ya kawaida kwa miongo mingi imekuwa perkloroethilini. Ni nzito kuliko maji, hupenya hadi kwenye sakafu ya zege, hushuka ardhini na kukaa humo miaka mingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani kwa binadamu, na Desemba 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa kanuni ya kuiondoa kwenye drai klina kwa awamu ndani ya miaka 10. Anayenunua duka lililoitumia kwa miaka 20 anaweza kununua pamoja nalo udongo wenye sumu ulio chini yake, na gharama ya kuusafisha inaweza kuzidi bei ya duka zima. Bila kipimo cha udongo na bila kuiacha kampuni ya zamani na madeni yake, hatushauri mtu anunue.

Ukishanunua, usiguse jina, bei, sabuni wala watu kwa miezi mitatu ya kwanza. Sabuni hasa: mteja hujua duka lake kwa harufu ya shuka, na ukibadilisha atahisi mikono imebadilika hata kabla hajaona uso mpya kaunta. Mpiga pasi wa zamani ni wa kushikwa kwa mkataba na nyongeza kabla muuzaji hajaondoka. Yeye ndiye anayejua ni mteja gani hataki mstari kwenye mkono wa shati. Kinachoweza kubadilishwa mara moja ni usalama, uwekaji namba kwenye nguo, na ratiba ya usafi: machujio ya manyoya kila baada ya mikausho miwili au mitatu, mabomba yake kila mwezi, vichujio vya valvu za maji na mikanda kila miezi mitatu.

Siku ya makabidhiano nenda mapema, kabla ya mzigo wa asubuhi. Someni mita zote pamoja, maji, umeme na gesi, mzipige picha na mtie saini namba zake, kwa sababu bili ya mwezi huo itakuja ikiwa na siku za muuzaji ndani yake. Kisha hesabuni nguo zilizotundikwa moja baada ya nyingine, zikiwa na risiti zake, mkiandika iliyolipiwa na isiyolipiwa. Zile za zamani zisizo na mwenyewe ziandikwe kwenye karatasi ya pekee, na muuzaji asaini kwamba alizipokea yeye.